Nguzo ya Basile Mchangani

Mwezi wa saba, maji ya mto yaliposhuka, hakuna mtu wa maporomoko aliyetaka kubaki nyumbani. Shule zilikuwa zimefungwa, makarani wamepewa konje, likizo zao za mwaka, na lile fungu kubwa la mchanga lilikuwa limetoka majini, jeupe, safi kama sahani iliyooshwa. Familia nzima zilihamia kule na mikeka, kuku na bibi zao. Walijenga nganda, vibanda vya wavuvi vya matete, wakavua, wakala samaki mpaka mafuta yakawatiririka kwenye viwiko, wakacheza, wakagombana, kisha wakarudi siku mto ulipodai mchanga wake. Na kila mwaka watu walikuwa wengi kuliko nafasi.

Ndiyo maana Jumapili ile, baada ya misa, uwanja wa Papa Augustin ulikuwa kama soko. Mama Germaine alikaa kwenye kibao katikati ya vyungu, akiuliza, na binti zake wawili wakijibu huku wanafunga.

"Kwanga?"

"Mikate yote ya muhogo imefungwa, mama."

"Chumvi?"

"Iko ndani ya kopo ya maziwa."

"Chandarua?"

"Iko," alijibu Julienne, yule mkubwa. "Ila panya alikula pembe moja."

"Pembe ile atalala Lucie."

"Mama!" Lucie alipiga kelele. "Mbu banipende mimi tu kila mwaka?"

"Uko na damu ya sukari, mutoto wangu. Fanya shukrani."

Wakacheka. Julienne alicheka kupita kiasi cha maneno yenyewe, na mama yake akamtazama kwa pembe ya jicho. Kila mtu pale alijua furaha ile ilitoka wapi. Ilitoka kwa Basile.

Basile alikuwa karani kwenye ghala la mizigo bandarini. Kwao ni Isangi, kwa watu wa mto wa chini, wale wanaozaliwa kafi mkononi. Baada ya Pasaka alikuja na wazee wake kumwomba Julienne. Papa Augustin alipokea pombe yao ya ngazi, ile ya michikichi, akainywa, akawasifu, lakini neno la mwisho hakulitoa. "Mutoto yenu anavaa shati muzuri," aliwaambia wazee. "Aje kwanza tuishi naye kidogo mchangani. Kule haiko mulango ya kujificha nyuma." Basi Basile aliomba konje yake iangukie mwezi wa saba, na tangu hapo Julienne alikuwa akiutazama mto kila asubuhi, kama vile macho yake yangeweza kuyasukuma maji yaende haraka.

"Na moto?" aliuliza Lucie. "Nani atabeba moto?"

"Nani mwingine? Dada yako," alisema Mama Germaine. Kisha akaongeza polepole, akimtazama binti yake mkubwa: "Pengine ni mara ya mwisho."

Julienne aliinamisha kichwa ili wasimwone uso.

Katika ukoo ule, moto wa nganda hauwashwi kwa kiberiti. Unatoka kwenye jiko la nyumbani, makaa mekundu yamefukiwa ndani ya jivu, ndani ya chungu, na anayekibeba chungu ni binti mkubwa ambaye hajatoka kwa baba yake. Msichana aliyekwisha kwenda kwa mwanaume hakigusi. Samaki, walisema, wangenusa uongo ule wakapita mbali msimu mzima. Na pale binti anapokiweka chini, pale ndipo pa baba yake, mpaka mto urudi. Julienne alikibeba tangu mwaka wa komunyo yake ya kwanza. Alijua uzito wake kama mtu anavyojua uzito wa mdogo wake mgongoni.

"Ko ko ko!"

Aliyeingia alikuwa Mama Pélagie, jirani wa ng'ambo ya ukuta wa matete, mwanamke wa kitenge kipya na maneno mapya. Mwaka uliopita alimtaka Julienne kwa mtoto wa dada yake, akakataliwa, na toka siku ile heshima yake kwa nyumba hii ilikuwa na miiba.

"Ee, munafunga mizigo? Bon. Mimi nilifikiri Julienne ameshaenda."

"Ameenda wapi?" Mama Germaine aliuliza.

"Kwa bwana yake, si ndiyo? Nguzo yao tumeiona! Pale kwenye kichwa ya mchanga, penye upepo, penye haiko mbu. Mahali muzuri kupita yote! Nguzo mupya, na kitambaa juu yake kwa kusudi batu bajue ni ya nani." Akalamba midomo, kama mpishi anayeonja mchuzi. "Kitambaa ya buluu. Ile ya maua nyeupe."

Akamtazama Julienne kichwani. Kichwa kilikuwa wazi.

Kitambaa kile Julienne alimpa Basile mwenyewe, siku ya Pentekoste, nyuma ya kanisa, kwa haraka, na hakuna aliyeona. Sasa mto mzima ulikuwa umekiona.

"Nani ameipanda nguzo?" Sauti ya Mama Germaine ilikuwa imekauka.

"Karani yenu. Jana mangaribi, peke yake, anaimba. Bale batu ya Isangi bako na sauti muzuri, lazima tuseme kweli. Bon, niwaache. Mimi nilipita tu kusalimia."

Alipotoka, hakuna aliyeshika kamba tena. Lucie ndiye aliyeuliza kwa sauti ndogo, "Mama, alikosa nini? Si amewawekea nafasi tu?"

"Nyamaza."

Lakini Lucie alijua, kila mtoto wa maporomoko alijua. Nguzo ya nafasi hupandwa na mwenye nyumba, kwa mkono wake. Kijana akipanda nguzo na kufunga juu yake nguo ya msichana, amesema bila kufungua kinywa: hapa ni jiko letu, mimi na yeye, tumekwisha kulala mkeka mmoja. Nguzo ile ikiachwa, wamekubali. Mtu mwingine akiing'oa, ni vita kati ya familia mbili. Na yeye mwenyewe akiing'oa mbele ya watu, amesema kwamba huyu mwanamke nimemwonja, simtaki.

Papa Augustin aliingia hana haraka. Alikuwa mtu mrefu, mabega yake yamepigwa na kazi ya kupandisha vikapu vikubwa vya kunasa samaki kwenye miti iliyosimikwa maporomokoni. Alitundika kafi yake, akanawa mikono, akajifuta kidole kimoja kimoja. Kwa namna alivyojifuta, walijua amekwisha kusikia.

"Lucie," alisema.

"Papa."

"Chungu cha moto kesho utabeba wewe."

Lucie akamgeukia dada yake, machozi tayari. Julienne alisimama. Kamba ilimponyoka mkononi.

"Papa, mimi sijaenda mahali."

"Nimekuuliza?"

"Hapana. Haujaniuliza. Basi uniulize, Papa. Uniulize hapa mbele ya mama."

Papa Augustin alimtazama, kisha akageuza macho. Jambo lile ndilo lililomuumiza Julienne kuliko kofi. Baba yake aliogopa kuuliza. Aliogopa jibu.

Wakati ule ule kengele ya baisikeli ililia njiani, tring tring, kwa furaha ya mtu ambaye hajui kitu.

"Mbote, Papa! Mbote, Mama!" Basile aliingia akisukuma baisikeli, jasho limemfanya ang'ae, na nyuma ya kiti amefunga turubai kubwa kama ng'ombe aliyelala. "Nimepata bashi! Chef wangu ameniazima. Mwaka huu mvua ikija itapiga kelele tu, haitaingia. Na nafasi nayo..."

Aliona nyuso. Macho yake yalimtafuta Julienne, na Julienne hakumpa macho.

"Malizia," alisema Papa Augustin. "Na nafasi nayo?"

"Nimewawekea nafasi, Papa. Kule kwenye kichwa."

"Na kitambaa?"

"Ili muijue kwa mbali. Nguzo iko mingi." Alitabasamu kidogo, tabasamu likakosa mahali pa kukaa. "Nimekosa?"

"Hee!" Papa Augustin alicheka bila furaha. "Anauliza kama amekosa! Kwenu Isangi munafanyaka hivyo? Kijana anatoka kazini, anatangaza mutoto ya mwenzake kwenye muti kama nguo ya kukausha?"

"Kwetu, Papa, kupandia mutu nguzo ni kumuheshimu. Ni kama kumuwekea kiti kanisani. Unaweza kupandia hata bibi kizee ya jirani!"

"Bon, ungepandia Mama Pélagie."

Lucie alicheka kabla hajajizuia, kisha akajifunika mdomo. Hakuna mwingine aliyecheka.

Mama Germaine ndiye aliyemweleza, kwa maneno machache, macho yake chini kwa aibu. Basile alisikiliza. Julienne, ambaye sasa alimtazama kwa wizi, aliuona uso wake ukipauka, na mkono wake ukishika kiti cha baisikeli kama mgonjwa anavyoshika kitanda. Alimhurumia. Alimkasirikia.

"Papa," alisema Basile, "mbele ya Mungu, sijamugusa Julienne. Kila mutu atanisikia. Nitapita nganda kwa nganda niwaambie."

"Na batacheka nganda kwa nganda. Sikiliza. Kesho asubuhi tunahama. Utakuja, na utaing'oa nguzo ile kwa mikono yako, batu bote bakiona."

"Lakini mama amesema, nikiing'oa ni kama..."

"Najua ni kama nini!" Sauti ya Papa Augustin ilifanya kuku watawanyike. "Afadhali baseme karani alimukataa mutoto wangu, kuliko baseme mutoto wangu alijificha kwa mwanaume wakati baba yake anakunywa pombe ya posa kama mujinga. Uliiweka wewe, utaitoa wewe. Na ukiisha kuitoa, panda baisikeli yako."

Aliingia ndani. Mlango wa nyumba ile haukuwa na tabia ya kubamizwa, lakini siku ile ulibamizwa.

Mama Germaine aliinuka kwa shida, akamshika Lucie bega. "Twende tuchote maji."

"Mapipa imejaa, mama."

"Nimesema twende tuchote maji."

Wakabaki wawili, na baisikeli katikati yao, na turubai lile kubwa la furaha iliyokwisha.

"Ungeniuliza," alisema Julienne. "Neno moja tu, Basile. Ningekuambia."

"Nilitaka ukifika uone."

"Nimeona. Na Mama Pélagie naye ameona."

"Ni wewe uliniambia." Hakusema kwa kulaumu, alisema kama mtu anayetafuta mahali alipodondosha kitu. "Ulisema mwaka jana mulichelewa, mukalala kule chini kwenye unyevu, mama akakohoa mpaka Krismasi. Ulisema kama ungekuwa mwanaume ungeenda mbele ya wote. Nikafikiri, mimi si niko mwanaume? Naenda. Nilipiga kafi nikiimba, Julienne. Nilikuwa na furaha kama mutoto."

Julienne alikumbuka. Ni kweli, alisema maneno yale.

"Kesho utang'oa?"

"Nikikataa, baba yako hatanipa wewe. Nikikubali, ni mimi niliyekutupa mbele ya mto mzima. Niambie nifanyeje, nitafanya. Ukitaka nisije kabisa, sitakuja."

"Njoo," alisema Julienne haraka mno. "Usipokuja ndiyo mbaya kabisa."

Basile alinyoosha mkono kama anataka kumgusa shavu, akakumbuka nguzo na macho ya nyuma ya ukuta wa matete, akaurudisha. Julienne aliufuata mkono ule kwa macho mpaka uliposhika usukani. Basile aliondoka anatembea, hakupanda baisikeli. Bashi aliliacha.

Asubuhi mitumbwi ilikuwa imeujaza mto. Watu walisukumana, wakaitana, mbuzi wakalia, redio ya mtu fulani ikapiga muziki ndani ya pipa la nguo. Kwenye mtumbwi wa Papa Augustin kila mtu alitazama maji. Lucie alikaa mbele na chungu cha moto mapajani, mgongo umenyooka kwa hofu, na kila mtumbwi uliopita uligeuza kichwa kumtazama yeye, kisha Julienne, kisha yeye tena. Chungu kilikuwa kimesema kila kitu. Hapakuwa na haja ya Mama Pélagie tena, ingawa naye alikuwepo, amekaa kwenye mtumbwi wake chini ya mwavuli kama mtu aliyekuja kwenye harusi.

Nguzo ilionekana mbali. Kitambaa cha buluu kilikuwa kinapepea, kizuri, kinamwita kila mtu.

Basile alikuwa amekwisha kufika. Alisimama kando ya nguzo, suruali amekunja mpaka magotini, hana viatu. Watu waliokuwa wanajenga waliacha matete chini, wakasogea. Papa Augustin alishuka, akaenda akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Bon," alisema. "Shika."

Basile alizungusha mikono yake kwenye mti. Alimtafuta Julienne juu ya vichwa vya watu. Safari hii Julienne alimpa macho yote. Hakuona karani wala mtu wa Isangi. Aliona mtu anayekaribia kujikata kiungo chake mwenyewe kwa sababu ameambiwa kutamponya mwingine.

"Ng'oa," alisema Papa Augustin.

Mabega ya Basile yalikaza. Mchanga ulianza kupasuka miguuni pa nguzo.

"Lucie," alinong'ona Julienne. "Nipe."

"Papa atanipiga."

"Nipe, mutoto wa mama yangu."

Mama Germaine alikuwa kando yao. Alisikia. Angeweza kusema kitu. Badala yake aligeuka akaanza kuhesabu vyungu vilivyokwisha hesabiwa.

Chungu kilikuwa cha moto kwenye viganja. Julienne alikiweka kichwani, akashuka majini, maji yakamfika magotini, akapanda mchanga. Watu walimpisha, si kwa heshima. Walimpisha kama unavyompisha mtu anayebeba kitu kitakachomwagika. Alisikia manung'uniko nyuma yake. "Anagusa moto! Ataharibu samaki ya batu bote!" Mwanamke mmoja alifanya ishara ya msalaba. Kama baba yake angekipiga chungu kile teke, asingekuwa tena binti wa nyumba yoyote.

Alifika. Alipiga magoti, akashusha chungu, akakiweka chini kabisa ya nguzo, karibu na vidole vya miguu ya Basile, akakizungushia mchanga kisianguke.

"Papa," alisema, na alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mwavuli. "Moto yako ni huu. Kama niliondoka kwako, uutupe majini. Kama sijaondoka, basi hapa ni kwako, hata nguzo iwe ilipandwa na nani. Jana haukutaka kuniuliza. Leo nimejibu."

Basile hakuthubutu kuachia wala kuvuta. Papa Augustin alitazama chungu. Alimtazama binti yake, viganja vyake vyekundu kwa joto, macho yake ambayo hayakushuka. Kisha akatazama kitambaa juu.

Alichuchumaa. Magoti yake yalilia kama mlango wa zamani. Aliondoa jivu kwa vidole, taratibu, mpaka makaa yakaonekana, akainamisha uso, akapuliza.

Mara ya kwanza jivu lilimrukia machoni. Akapuliza tena. Moshi mwembamba ulinyooka, upepo wa kichwa cha mchanga ukauchukua, na mtu mmoja nyuma akasema "Eh!" Wengine wakaanza kurudi kwenye matete yao, kwa sababu nafasi ni chache na jua linapanda. Mwavuli wa Mama Pélagie ulifungwa.

"Germaine," Papa Augustin aliita, anajifuta machozi ambayo angesema ni ya jivu. "Leta sufuria. Tutakula saa ngapi?"

"Ninakuja, Papa Julienne! Ninakuja!"

Papa Augustin alisimama, akajikung'uta magoti. Basile alikuwa bado pale, ameukumbatia mti kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, jasho linadondoka kwenye kidevu.

"Na wewe," alimwambia, "unangoja nini? Kule chini kwa vijana, kwenye unyevu, ndiyo utalala. Konje yako yote. Kila asubuhi tutapandisha vikapu pamoja, na nitakuangalia vizuri." Alimnyooshea kidole. "Alors, toa mikono kwenye nguzo yangu."